Stakabadhi Namba Arobaini na Moja

Wa kwanza alikutwa Oktoba, njia ya kwenda Mahuta,
gunia la korosho za watu limewekwa chini ya kichwa chake
kama mto.
Mikono imefungwa kwa katani,
fundo la mtu anayefunga magunia kila siku.
Hakuna aliyelia. Muuza mihogo aliniuliza
kama nimekuja kuzika au kununua.

Wa pili sikumjua.
Wa tatu, Licholile, alikuwa mwizi kweli, tusifichane:
nilimkamata mwenyewe mara mbili,
na mara mbili akarudi mtaani
amenenepa.
Nilipoinama kumfumba macho
moyo wangu ulitamka neno moja
ambalo sikuliandika kwenye taarifa.
Afadhali.

Mimi Sajenti Somoe Nnunduma,
pikipiki ya serikali, tangi tupu,
natafuta watu wanaopendwa.
Ukimtafuta mwizi Tandahimba
hata mtoto anakunyooshea kidole.
Hawa nikiwauliza, wanaume wanatazama mawingu
kana kwamba wanaidai mvua.
"Labda fisi," anasema mwenyekiti wa kitongoji.
Fisi anayefunga fundo?
"Siku hizi wanasoma, Afande."
Wakacheka.
Nami nikacheka kidogo, Mungu anisamehe.

Lakini kwenye kola ya kila maiti
palikuwa na vumbi la njano. Salfa.
Julai wote tunanuka salfa, tunapulizia mikorosho,
tunakohoa nayo, tunalala nayo.
Oktoba hapulizii mtu.
Oktoba iliyobaki hukaa ghala la chama,
nyuma ya kufuli moja.

Nilikuwa bado naomba hati ya kupekua
walipomuua Ausi Nammole, miaka kumi na sita,
na gunia begani, usiku, anawahi mnada.
Bibi yake alikuja kituoni kwa miguu.
Alivua kanga, akautandika mezani
ukingo uliochomolewa nyuzi,
kisha akaweka pembeni mdomo wa gunia,
ulioshonwa kwa nyuzi zilezile, nyekundu.
Hakusema neno.
Mpaka leo hajasema.

Ijumaa sikusubiri hati. Nilivunja kufuli.
Chini ya mifuko ya salfa, kitabu cha stakabadhi:
Mchango wa Ulinzi, shilingi elfu mbili.
Mwalimu amelipa. Muuza mihogo amelipa kwa awamu.
Imamu na katekista, ukurasa mmoja.
Nyuma, upande wa matumizi:
betri za tochi, kamba, posho ya watu watatu,
na majina yao, kwa mwandiko wa kupendeza.
Hao nitawafuata kabla hakujapambazuka.
Hao ni rahisi.

Namba arobaini na moja haina sahihi.
Ina dole gumba, wino wa zambarau,
na katikati ya dole, kovu.
Nalijua kovu hilo.
Liliungua kwa mafuta ya maganda
mwaka aliobangua korosho za watu
apate ada yangu.

Nilimkuta jikoni, anasonga ugali wa muhogo.
"Mama, ulijua?"
"Nilijua tutalala."
Na kweli tulilala. Mwezi mzima
sikusikia mbwa.
"Na Ausi?"
Akachukua upawa,
akaniongezea mboga, nyingi,
kama anavyomfanyia mgeni.
Niliila yote.

Kisha nikarudi kituoni, nikawasha taa,
nikajaza fomu ya vielelezo
kwa herufi kubwa, polepole:
KITABU KIMOJA CHA STAKABADHI.
KURASA SITINI.
HAKUNA ULIOCHANWA.